Samaki Hupimwa, Wimbo Je?

Mizani ya samaki pale Asembo Bay huning'inia kwenye boriti ya banda, na asubuhi macho yote huwa juu yake. Mvuvi aliyekesha ziwani anautazama mshale. Mchuuzi aliyekuja na barafu anautazama. Karani wa ufuo, kalamu sikioni, naye anautazama. Bei yaweza kumuuma mvuvi, na mara nyingi humuuma, maana mbuta hangoji mtu atafakari. Jua likipanda tu, thamani inashuka. Lakini kilo ni kilo. Wote watatu wameiona. Akipunjwa, amepunjwa akitazama.

Hatua chache kutoka hapo kuna kibanda cha kijana anayewawekea watu nyimbo kwenye fleshi. Spika yake inapiga benga ya miaka ya 1970, gitaa la solo na la besi yanakimbizana kama watoto waliotumwa dukani. Wimbo huo umelia kwenye gramafoni, ukalia kwenye kaseti, ukaja kwenye sidii, na sasa uko ndani ya simu ya mtu wa bodaboda. Muulize kijana ni nani aliyeupiga, atakutajia bila kusita. Muulize uliuza santuri ngapi, atakutazama kama uliyeuliza idadi ya omena ziwani. Na mwenye wimbo, angekuwa hai, angekutazama vivyo hivyo.

Tumezoea kusimuliana kwamba wanamuziki wetu wa kale waliliwa na kampuni za kurekodi kwa kuwa hawakusoma: walitia sahihi wasichokielewa, wakauza dhahabu kwa bei ya chumvi. Sina nia ya kuzitetea kampuni. Ila simulizi hiyo inawafanya wazee wale kuwa wajinga, na mimi kila nikiitazama biashara yao naona waliielewa kuliko sisi tunaowahurumia.

Reli ilifika ukingoni mwa ziwa mwishoni mwa 1901, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Kutoka hapo meli zilipeleka bidhaa kwenye gati ndogo za ghuba na pwani yake: Kendu Bay, Homa Bay, Karungu, Asembo Bay. Sukari, vitambaa, mafuta ya taa, na baadaye gramafoni, vilishukia palepale pamba ilipopakiwa. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, vijana waliotumikia KAR, jeshi la kikoloni, walirudi na magitaa, na vidole vilivyozoea nyuzi nane za nyatiti vikaanza kuzitafuta nyuzi sita. Kilichozaliwa baada ya hapo ndicho benga. Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music walilisimulia hilo vizuri mwaka 2008 katika Retracing the Benga Rhythm, kwa hiyo sitalirudia.

Mimi nataka safari ya kurudi. Bidhaa zilikuja Nyanza, nyimbo zikaenda Nairobi. Studio zilikuwa huko, na mashine za kuchapa santuri zilikuwa huko. Bendi ilipanda basi la usiku na magitaa yake, ikajibana kwa jamaa mtaani, asubuhi ikaingia studio na kurekodi nyimbo kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kila wimbo ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili, kwa sababu santuri ndogo ya mizunguko 45 haikuweza kubeba wimbo mzima wa ngoma ya Kijaluo. Mtu alilazimika kunyanyuka na kuigeuza wakati utamu ndio kwanza unakolea. Kazi ilipokwisha, waliketi na prodyuza. Mezani palikuwa na njia mbili.

Moja ilikuwa mrabaha: senti kadhaa kwa kila santuri itakayouzwa, zilipwe baada ya miezi, hesabu itakapofungwa. Nyingine ilikuwa pesa taslimu, sasa hivi, nawe usirudi kuuliza habari za wimbo huo. Wengi walichukua taslimu, na hapo ndipo sisi tunapotikisa vichwa.

Lakini hebu tuulize hesabu ya mrabaha ilikaa wapi. Nani alijua kama kiwandani zimechapwa santuri elfu tatu ama elfu thelathini? Mwenye kiwanda na mwenye lebo, basi. Mwanamuziki wa Asembo aliyetaka kujua alipaswa kupanda basi, kuketi kwenye benchi la mapokezi nusu siku, kisha kuonyeshwa karatasi iliyopigwa taipu na ofisi ileile inayodaiwa. Mtu aliyekulia ufuoni anajua samaki aliyepimwa nyuma ya mlango hajapimwa. Kwake yeye mrabaha ulikuwa mkopo anaompa tajiri bila dhamana, na tajiri ndiye anayeandika daftari. Taslimu ilikuwa haba, ila aliihesabu kwa vidole vyake mwenyewe kabla hajatoka mlangoni.

Na anayedhani karatasi peke yake ingewaokoa, akumbuke "Malaika". Fadhili William aliurekodi, haki zikapitia Equator Sound Studios ya Charles Worrod, Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba, dunia nzima ikaujua. Fadhili alifariki mwaka 2001 watu wakiwa bado wanabishana ni nani aliyeutunga, sembuse ni nani aliyestahili kulipwa.

Ujanja mwingine ulikuwa wa majina. Fungua sanduku lolote la santuri za zamani Kisumu, utakuta Victoria Jazz, utakuta Victoria Kings, utakuta Victoria B Kings, na nyuma ya majina hayo Ochieng Nelly Mengo na Collela Mazee pamoja na wenzao. Bendi za benga ziligawanyika kila kukicha, hilo kweli. Watu waligombana kwa sababu ya pesa, wanawake, na nani asimame mbele. Lakini jina jipya lilikuwa pia mlango mpya. Likishafungwa na lebo moja, lingine liko huru kwenda kwa jirani. Maprodyuza nao hawakulala: mtu mmoja aliweza kuwa na nembo tatu, nne, kila moja na rangi yake, mteja akadhani anachagua kati ya washindani. Kwa hiyo pande zote mbili zilivaa vinyago, na kwenye karatasi ile ya duara katikati ya santuri vinyago vikatazamana.

Aliyeicheza ngoma hii kwa ustadi kuliko wote alikuwa mtu wa nyumbani. Lebo kubwa za Nairobi zilikuwa za Wazungu na wafanyabiashara wa Kihindi, ingawa David Amunga alikwisha kuonyesha njia miaka ya 1960 kwa lebo yake ya Mwangaza. Kisha akaja Phares Oluoch Kanindo. Herufi za majina yake ndizo zilizozaa lebo ya POK, na chini ya mkono wake zikatoka santuri za benga kwa wingi, nyingine zikiwa na nembo ya Sungura. Kanindo aliwajua wanamuziki wa Nyanza kwa lugha yao na kwa koo zao, akajua pia kwamba soko haliishii Busia wala Isebania. Santuri zake zikaenda kusini. Wapigania uhuru wa Zimbabwe waliokuwa kambini Tanzania na Msumbiji walizisikiliza, na waliporudi kwao baada ya 1980 walirudi nazo masikioni.

Kule muziki ule haukuitwa benga. Uliitwa kanindo, kwa jina la mwenye duka. Baadaye, vijana wa huko walipoufanya wao, ukaitwa sungura, kwa jina la nembo. Bendi iliyowalea John Chibadura na Simon Chimbetu ilijiita Sungura Boys. Leo hii Alick Macheso akijaza uwanja Harare, watu wanacheza mtindo wenye jina la Kiswahili, katika nchi ambako ni wachache wanaojua kwamba neno hilo ni mnyama mwenye masikio marefu. Mimi hilo hunichekesha, kisha hunisimamisha. D.O. Misiani wa Shirati Jazz alipiga gitaa, Collela akaimba, na jina lililovuka Zambezi likawa la msambazaji. Ni kama ngege wa ziwa hili afike Mombasa akiitwa kwa jina la mwenye lori.

Na bado siwezi kumlaumu Kanindo, ambaye baadaye aliingia Bungeni, kwa kuwa na lori. Kampuni zilizokuwa na malori makubwa zaidi hazikuona haja ya kufika huko.

Sasa, ikiwa mrabaha haukuaminika na taslimu ilikuwa kiduchu, watu hawa walikula nini? Hapa ndipo simulizi ya dhuluma inapokosa ukurasa muhimu, kwa sababu huandikwa na watu waliokaa ofisini Nairobi badala ya kwenda kwenye ngoma.

Wajaluo wana kitu kinaitwa pakruok. Bendi inapiga, watu wanacheza, mara mtu anainua mkono. Gitaa linashuka, ngoma inanong'ona. Yule mtu anasogea mbele, anatoa noti, na kwa muda wa noti hiyo ukumbi ni wake: anajitaja yeye ni nani, mtoto wa nani, mjukuu wa ufuo gani, shemeji ya nani, na kwa nini watu wa kule ng'ambo wakimwona hukaa kimya. Akimaliza, wenzake wanashangilia, solo linapanda tena. Msomaji wa pwani atasema hiyo ni kutunza, kama kwenye taarabu. Inafanana, lakini si ileile. Kwenye taarabu anayetunza hutuma ujumbe kupitia kinywa cha mwimbaji. Kwenye pakruok anayelipa anainunua ile sauti yenyewe na nafasi iliyoachwa na gitaa. Mwanamuziki anauza ukimya.

Majina hayo hayakubaki ukumbini. Yaliingia kwenye nyimbo. Mfanyabiashara fulani, mwalimu fulani, binti mrembo wa soko fulani. Mtu alimpa mwimbaji fahali, baiskeli, nauli ya kwenda Nairobi kurekodi, naye akawekwa kwenye ubeti wa tatu. Sikiliza benga ya zamani kwa makini utasikia orodha ndefu ya watu ambao si mashujaa wa taifa wala si watu wa hadithi. Ni wafadhili. Kwa hiyo bendi ilipofika studio, wimbo mara nyingi ulikuwa umeshalipiwa. Prodyuza alidhani ananunua wimbo, kumbe ananunua nakala ya risiti. Na santuri ilipotoka ikachezwa redioni, kazi yake kubwa kwa mwanamuziki ilikuwa kutangaza: ngoma ya Jumamosi ijayo ikajaa, na waliosikia jina la jirani likitajwa wakaja na noti ili nao watajwe.

Ukiitazama hivyo, lebo haikuwa mwajiri wa mtu. Ilikuwa mbao ya matangazo inayomlipa mwenye tangazo kidogo, badala ya kumtoza. Si ajabu wengi hawakuhangaika na mikataba.

Kasoro ya mpango huu ni moja, na ni kubwa. Pakruok humlipa aliye hai. Okatch Biggy wa Heka Heka alifariki mwaka 1997. Misiani alikufa kwenye ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Musa Juma alitutoka Machi 2011 akiwa Mombasa. Jumamosi hii wote watatu watapigwa kwenye vilabu kuanzia Kondele hadi Luanda Kotieno, na hakuna atakayeinua mkono kuipa spika noti. Aliyeuza taslimu aliuza na miaka itakayokuja baada ya mazishi yake, na hiyo ndiyo miaka ambayo mrabaha ulibuniwa kwa ajili yake.

Mfano wa kinyume uko karibu. Job Seda, mtoto wa familia ya Kijaluo aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, alipitia kundi la Black Savage katikati ya miaka ya 1970, kisha African Heritage, kisha akaondoka na nyatiti yake kwenda London, ambako alipiga barabarani na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Tunamjua kwa jina la Ayub Ogada. Lebo ya Peter Gabriel, Real World, ilimrekodi na kutoa En Mana Kuoyo mwaka 1993. Wimbo wake "Kothbiro", yaani mvua yaja, ukaingia kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Halafu 2018 Kanye West akachukua "Kothbiro" ya Black Savage, ile ya zamani kabisa, akaitia ndani ya "Yikes", na kwenye orodha ya watunzi yakaandikwa majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Ogada alifariki Februari iliyofuata huko Nyahera, nje kidogo ya Kisumu. Zaidi ya miaka 40 baada ya vijana wa Nairobi kuupiga, wimbo ulikuwa umeandikwa mahali ambapo wakili wa Marekani alilazimika kuusoma.

Lebo za Ulaya zimekuwa zikija hapa kwa muda sasa. World Circuit ilitoa Benga Beat ya Shirati Jazz mwaka 1987, Globestyle ikafuata na Victoria Kings mwaka 1993, Soundway ikakusanya Kenya Special mwaka 2013, na Honest Jon's wakatoa Rang'ala mwaka 2014, sauti za Ogoya Nengo na wanawake wenzake wa ngoma ya dodo kutoka kaunti hiihii ya Siaya. Siku hizi ni maikrofoni inayosafiri kwenda kijijini. Hata hivyo anayetaka kuchapa upya santuri ya 1973 hukuta swali lilelile: amlipe nani?

Jibu la sheria linashangaza, na nadhani familia nyingi hazijalisikia. Ndani ya santuri mna haki mbili. Moja ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo kwa kawaida ni ya aliyegharamia. Nyingine ni ya utunzi, ambayo huanza kwa mtunzi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 juu yake. Fanya hesabu kidogo. Rekodi za 1973, zile ambazo maprodyuza walizinunua kwa taslimu, ulinzi wake umekwisha. Kila Januari mosi mwaka mwingine wa benga unawatoka mikononi. Lakini tungo za Misiani, aliyefariki 2006, zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Sheria hiyo inataka pia kwamba hakimiliki ihamishwe kwa maandishi. Kauli ya "nilimlipa akaondoka" haitoshi. Kwa hiyo huenda mjane fulani huku ziwani ana mali ambayo lebo iliyomlipa mumewe haina tena. Anachokosa ni mtu wa kuhesabu kwa niaba yake.

Wa kuhesabu ndiye amekuwa shida ya nchi nzima. Chama cha MCSK kipo tangu 1983, kazi yake ikiwa kukusanya ada kwa redio, hoteli na matatu na kuwagawia wenye nyimbo. Januari 2016 kundi la Elani, ambalo nyimbo zake zilikuwa kila stesheni, lilijitokeza hadharani kulalamika kwamba limepewa shilingi 31,000. Wakenya walighadhabishwa na udogo wa pesa. Mimi kilichonishika ni kwamba Elani ni wasomi wa mjini, wana simu, wana mawakili, na bado waliishia kwenye benchi lilelile la mapokezi wakiuliza hesabu imefanywaje. Mwaka uliofuata bodi ya hakimiliki, KECOBO, iliinyima MCSK leseni na kukipa chama kingine, MPAKE, na tangu hapo mvutano wa nani ashike daftari haujatulia.

Nyimbo za miito ya simu zimepata nafuu kidogo. Mswada uliopelekwa Bungeni na Gladys Wanga, wakati huo mwakilishi wa wanawake wa Homa Bay, ukawa sheria mwaka 2022, na unampa mwenye wimbo si chini ya asilimia 52 ya mapato hayo. Asilimia 52 ya ngapi, hilo bado husomwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. YouTube nayo imegeuza mambo juu chini: idadi ya waliotazama iko wazi kwa kila mtu, hadi mtoto wa shule, ila bei ya kila mtazamo haijulikani mpaka ilipwe. Mshale wa mizani unaonekana sasa. Kilichofichwa ni shilingi.

Jumamosi iliyopita niliketi kwenye ngoma ya mchango si mbali na Asembo Bay. Bendi ilikuwa ya vijana sita, vyombo vyao vimefungwa kwa kamba za baiskeli, namba ya M-Pesa imeandikwa kwa chaki kwenye ngoma kubwa. Mtu akainua mkono upande wa nyuma, kwenye giza la miembe. Gitaa likashuka. Akajisifu vizuri, yeye ni nani na mjukuu wa nani, mpaka mama mmoja jirani yangu akapiga kigelegele. Simu ya mwimbaji ikalia mfukoni. Aliitoa, akaisogeza karibu na macho, akasoma jina la mtumaji na kiasi chote kwenye maikrofoni, mpaka shilingi ya mwisho, kisha akamwashiria mpiga solo arudi.